Umewaona Wapi?

Kinyozi alikuwa amefika nyuma ya sikio langu la kushoto, mahali ambapo mtu hathubutu kutikisa kichwa, ndipo ubishi ulipoanza.

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya spiriti, inaonyesha video ya vikosi kumi bora vya makomando duniani. Namba kumi, namba tisa, ngoma za kutisha, vumbi, wanaume wanateremka kwa kamba kutoka kwenye helikopta. Muuza kahawa aliweka dele lake chini mlangoni akajiunga nasi. Kufikia namba tatu, duka lilikuwa limeshagawanyika: wa Navy SEALs wa Marekani upande wa kioo, wa SAS wa Uingereza upande wa benchi, na bwana mmoja aliyenyolewa nusu kichwa akishikilia kwamba Waisraeli hawana mpinzani. Si waliingia Entebbe wakatoka usiku ule ule?

"Muulizeni mwalimu," mtu akasema. Huniita mwalimu kwa sababu ya haya ninayoandika humu.

Nikasema SAS. Nilisema bila kufikiri, kama mtu anayetaja timu yake.

Kijana anayefagia nywele hakuinua hata macho. "Umewaona wapi, mwalimu?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa uangalifu, maana wembe ulikuwa shingoni. Hayo yalikuwa kabla ya Ramadhani. Ramadhani imeisha, sita za Shawwal nimefunga, na swali bado limenikaa kooni kama mwiba wa changu.

## Taa za meli

Kuna siku moja niliyowakaribia makomando. Jumamosi ya Pasaka mwaka 2009 nilikuwa Likoni, nasubiri feri. Giza lilikuwa limeingia. Feri zikasimamishwa kwa kuwa kuna meli inapita kwenda Kilindini, na mtu mwenye redio akatwambia ndiyo hiyo Maersk Alabama, ile iliyovamiwa na maharamia ikiwa njiani kuja huku kwetu. Nahodha wake, Richard Phillips, alikuwa bado mateka baharini, ndani ya mashua ya kuokolea watu, pamoja na maharamia.

Kesho yake wadunguzi wa SEAL, wakiwa kwenye tezi la manowari ya Bainbridge, waliwaua maharamia watatu waliobaki ndani kwa mpigo mmoja huku mashua ikiyumba. Nahodha akatoka mzima.

Mombasa nzima ilizungumza juu ya risasi zile. Na kwa miaka mingi mimi nimekuwa nikisimulia kwamba "nilikuwepo".

Nilichokiona ni taa za meli ambayo wao hawakuwamo.

## Siku kumi na moja

Basi kwa nini nilitaja SAS? Nimejichunguza sana, na jibu linaniaibisha kidogo: kwa sababu ya roshani. Kila mtu anaijua picha ile hata kama hajui ni ya wapi. Wanaume waliovaa nyeusi na vinyago vya gesi, kwenye roshani ya nyumba nyeupe, halafu moshi. Ni ubalozi wa Iran uliopo Princes Gate, London, jioni ya Mei 5, 1980. Watekaji sita walikuwa ndani tangu Aprili 30 na mateka 26. Dakika kumi na saba baada ya kuingia SAS, watekaji watano walikuwa wamekufa na mmoja amekamatwa. Mateka mmoja aliuawa wakati wa uvamizi wenyewe, na mwingine alikuwa ameuawa kabla. Kamera za televisheni zilikuwa barabarani, siku ya mapumziko, watu wako majumbani.

Hadi siku ile raia wengi wa Uingereza hawakukijua kikosi hicho. Baada yake, hakuna asiyekijua.

Sasa rudi nyuma siku kumi na moja tu.

Usiku wa Aprili 24, 1980, makomando wa Delta wa Marekani walitua kwenye jangwa la Iran kwenda kuwakomboa Wamarekani waliozuiliwa ubalozini Tehran. Aliyekianzisha kikosi hicho mwaka 1977, Charles Beckwith, aliwahi kutumwa kuhudumu na hao hao SAS miaka ya mwanzo ya sitini, akarudi kwao na ndoto ya kuunda kikosi cha namna ile. Kwa hiyo huyu ni mwanafunzi na yule ni mwalimu wake, ndani ya mwezi mmoja, na kazi mbili zinazofanana: ubalozi, mateka, Iran.

Delta hawakufika hata mlangoni. Helikopta nane ziliruka kutoka kwenye manowari ya Nimitz. Moja iliachwa njiani kwa hitilafu ya mapanga, nyingine ikageuza kwenye wingu la vumbi, ya tatu ikafika jangwani ikiwa na hitilafu ya mfumo wa haidroliki. Zikabaki tano, na mpango ulitaka zisipungue sita. Wakaamua kurudi. Wakati wa kuondoka helikopta ikaigonga ndege ya mizigo iliyokuwa na mafuta, na watu wanane wakateketea.

Mateka wa Tehran walikaa siku 444.

Nimeirudia habari hii mara nyingi wiki hizi, na kila mara nasimama pale pale. Waliokufa walikuwa watu wa ndege, watano wa jeshi la anga na watatu wanamaji, yaani Marines. Komando aliyefanya mazoezi miaka miwili ya kuvunja mlango hakuvunja mlango wowote. Zile helikopta zilikuwa za jeshi la majini, za kutegulia mabomu baharini, zikirushwa na marubani ambao wengi waliazimwa kutoka kwa wanamaji. Kikosi kilikuwa kipya na kizuri. Usafiri ulikuwa wa kuazima.

Lakini aliyeaibika ni nani? Delta.

## Aliyening'inia

Na London nako, ukiangalia kwa karibu, mambo hayakwenda kama yanavyosimuliwa.

Nyuma ya jengo, kiongozi wa kundi mojawapo alikwama kwenye kamba yake. Mwenzake akijaribu kumsaidia akavunja kioo cha dirisha kwa mguu, na kishindo kikasikika ndani, ambako kiongozi wa watekaji alikuwa kwenye simu na wapatanishi. Baruti iliyopangwa kulipua madirisha ya nyuma ikawa haiwezi kutumika, ingemuua mtu wao. Wakatumia nyundo. Mapazia yakashika moto, na yule bwana akaning'inia hapo juu ya ndimi za moto, akiungua miguu, mpaka walipomkata kamba akaanguka kwenye roshani. Kisha akaingia ndani na wenzake.

Kama kioo kile kingesikika dakika mbili mapema, sijui leo ningetaja timu gani kwa kinyozi.

Lakini pia walikuwa na nini? Walikuwa na siku sita. Walikuwa na mtunza jengo aliyewaeleza kwamba madirisha ya chini yameimarishwa, wakabadilisha mpango kabla ya kujigonga ukutani. Walikuwa na polisi waliokaa na simu usiku na mchana wakiwachosha watekaji kwa maneno. Walikuwa ndani ya mji wao. Wape SAS helikopta zile nane na jangwa lile. Wape Delta siku sita mbele ya nyumba ile London. Nadhani benchi na kioo vingebadilishana mashabiki.

Wamarekani wenyewe walilielewa hilo haraka. Mwaka 1981 waliunda kikosi cha helikopta cha kuwabeba makomando usiku, kile cha 160. Miaka thelathini baadaye, Mei 2011, helikopta moja ya kikosi hicho ilianguka ndani ya ua wa nyumba ya Osama bin Laden huko Abbottabad, mwanzo kabisa wa kazi. Kazi ikaendelea. Helikopta za akiba zilikuwa zimepangwa karibu. Dunia ikawajua SEAL. Rubani aliyeangusha chombo bila kumuua mtu hana video.

## Ndege mbili

Hapo nilikuwa tayari kuandika makala haya na kuyamaliza: sifa ni za kamera, ushindi ni wa mafundi na marubani, kwaherini.

Halafu nikakumbuka Malta, nikafuta kila kitu.

Oktoba 1977 ndege ya Lufthansa aina ya Boeing 737 ilitekwa na kuzungushwa hadi Mogadishu. Rubani mkuu, Jürgen Schumann, alikuwa ameshauawa Aden. Usiku wa kuamkia tarehe 18 askari wa Kisomali waliwasha moto mbele ya ndege ili watekaji wakimbilie madirisha ya mbele, na Wajerumani wa GSG 9 wakaingia kwa milango, ikiwemo ya juu ya mbawa. Watekaji watatu kati ya wanne walikufa. Abiria wote 86 waliokolewa.

Novemba 1985, uwanja wa Luqa, Malta: Boeing 737 tena, ya EgyptAir. Makomando wa Misri waliingia kwa mlipuko mkubwa mno kwa ndege iliyojaa watu. Moshi ukajaa, moto ukawaka. Hadi mambo yote yalipokwisha, watu wapatao sitini walikuwa wamekufa, wengi wao katika uvamizi ule wa kuwaokoa.

Aina ile ile ya ndege. Aina ile ile ya milango.

Kwa hiyo hapana, si usafiri tu. Kuna jambo mikononi mwa mtu, na halipatikani kwa kuvaa nyeusi. GSG 9 ilizaliwa baada ya aibu ya Munich mwaka 1972, pale wanamichezo wa Israeli walipouawa kwenye Olimpiki, ikafanya mazoezi miaka mitano kwa ajili ya usiku mmoja kama ule, na hata hivyo ilikwenda Mogadishu na Waingereza wawili wa SAS na mabomu yao ya kishindo. Wamisri nao hawakukosa ushujaa. Mwaka 1978 walitua Larnaca, Cyprus, kuokoa mateka, bila ruhusa ya wenyeji, na Wamisri kumi na watano wakauawa na askari wa Cyprus pale pale uwanjani. Huwezi kuwaita watu hao waoga. Ila ushujaa hauna njia ya kumwambia mtu kiasi cha baruti kinachotosha mlango.

Hili lilinisumbua kwa siku kadhaa. Nilitaka jibu la upande mmoja.

## Baraawe

Kuna tukio lililo karibu na sisi ambalo video haikulitaja kabisa, na kwangu ndilo la kujifunzia.

Baraawe ni mji wa Waswahili, hata kama ramani inauweka Somalia. Wabarawa wanasema Chimwini na ukiwasikiliza vizuri utaokota nusu ya maneno. Alfajiri ya Oktoba 5, 2013, majuma mawili baada ya shambulio la duka la Westgate, Nairobi, SEAL walitoka baharini wakainuka ufukweni mwa mji huo kumfuata Mkenya mmoja wa al-Shabaab aitwaye Ikrima. Walionekana. Risasi zikaanza. Ndani ya nyumba kulikuwa na watoto.

Wakarudi baharini. Hawakumpata mtu wao, hawakupoteza askari.

Siku hiyo hiyo Delta walimnyakua Abu Anas al-Libi mbele ya nyumba yake Tripoli, aliyetakiwa kwa mlipuko wa ubalozi wa Nairobi wa 1998. Magazeti yakagawa alama palepale: Delta mia, SEAL sifuri.

Mimi ningewapa SEAL wa Baraawe alama ambazo sijampa mtu yeyote katika makala haya. Watu waliosifiwa dunia nzima miaka miwili nyuma kwa kumuua bin Laden, silaha zote mkononi, wakakubali kurudi na aibu. Miezi tisa kabla, huko Buulo Mareer, si mbali na hapo, makomando wa idara ya ujasusi ya Ufaransa walikwenda kumwokoa mwenzao Denis Allex. Nao waligunduliwa wakiwa wanakaribia, nao wakaendelea. Mateka akauawa, makomando wawili wakafa, na raia wa kijiji wakafa pia.

Siwalaumu Wafaransa. Wao walikuwa na mtu wao ndani. Kurudi kungekuwa kumwacha.

Lakini nani atanitengenezea video ya vikosi kumi bora kwa kujua kurudi?

(Na yule bwana wa nusu kichwa, kwa heshima zote: ndiyo, Entebbe ya Julai 1976 ilikuwa ya ajabu, mateka zaidi ya mia moja walitolewa, kilomita kama elfu nne kutoka kwao. Ila kikosi hicho hicho kilikuwa Ma'alot miaka miwili kabla, na watoto wa shule zaidi ya ishirini walikufa. Na Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda walilipizwa kisasi na Amin, kwa kuwa ndege zile zilitia mafuta Nairobi. Hao hawako kwenye hesabu ya mtu.)

## Kilomita za Garissa

Nimechelewa makusudi kufika hapa.

Sisi tuna kikosi chetu, kampuni ya Recce ya GSU, ndani ya polisi wa Kenya. Kinyozini hakuna aliyekitaja. Wala mimi.

Westgate, Septemba 2013, Recce waliingia mchana wa siku ya kwanza na walikuwa wanasonga mbele. Jeshi likaja, hakukuwa na amri moja, na kamanda wa Recce akapigwa risasi na wenzetu wenyewe. Polisi wakatoka. Siku nne. Watu 67.

Garissa, Aprili 2, 2015. Washambuliaji wanne waliingia chuo kikuu kabla ya jua kuchomoza. Habari zilikuwa zimeshafika Nairobi watu wakinywa chai. Recce waliandaliwa, wakangojea ndege. Waandishi wa habari walioondoka Nairobi kwa gari, barabara ya kilomita zaidi ya 350, walifika Garissa kabla yao. Recce walipoingia kwenye bweni jioni, kazi iliisha kwa muda usiofika hata nusu saa.

Nusu saa.

Watu 148 walikuwa wamekufa, 142 kati yao wanafunzi.

Nikiwa naandika hiyo namba, ndipo nilipoelewa kwamba swali la "nani mkali" nimekuwa nikiliuliza mahali pasipo na jibu. Kwa kipimo cha video, Recce siku ile walikuwa bora kuliko karibu wote niliowataja: magaidi wanne, bweni moja, dakika chache. Kwa kipimo cha mzazi aliyesimama uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku zile akisubiri mabasi kutoka Garissa, waulize. Ufundi wa mkono ulikuwepo tangu asubuhi. Ulikuwa umekaa Nairobi.

## Shati la zambarau

Sijawahi kuwaona SAS ana kwa ana. Nimemwona mmoja, kwenye picha, kama nyinyi.

Januari 15, 2019, shambulio la hoteli ya DusitD2, Riverside, Nairobi. Mzungu aliyefunika uso, jinzi, shati la zambarau, bunduki ndefu, anamsaidia majeruhi. Alikuwa Kenya kwa kazi ya mafunzo. Ilipofika asubuhi, picha yake ilikuwa Uingereza, Marekani, kila mahali. Sitaki kumpunguzia: aliingia palipokuwa na risasi, na sikuwa mimi niliyeingia.

Ila nilikaa na picha za siku ile usiku mmoja mzima wa Ramadhani, hadi daku, nikizitazama moja moja. Ukimwondoa yeye unaona wengine: polisi wasio na sare, raia wenye bastola zao za leseni waliokimbilia pale kabla ya kikosi chochote, Recce wenye kofia za chuma wakipanga watu kwenye ngazi. Watu zaidi ya mia saba walitolewa. Ishirini na mmoja walikufa, akiwemo askari polisi. Washambuliaji watano hawakutoka. Kazi nzima ilichukua kama saa kumi na tisa, na safari hii amri ilikuwa moja.

Mtu ataniambia Riverside ni Nairobi na Garissa ni mbali, usilinganishe. Kweli. Ndiyo maana nalinganisha.

Wale wa kwenye ngazi siwajui majina, na pengine ndivyo wanavyotaka. Lakini kinachonikera ni kwamba kinyozini, niliposema SAS, picha iliyonijia haikuwa hata ya roshani ya London kwanza. Ilikuwa ya shati la zambarau. Katika nchi yangu, niliona watu mia, nikakumbuka mmoja.

## Kiti cha pili

Alhamisi iliyopita nilirudi kunyoa. Kijana amepandishwa cheo, sasa ana kiti chake na mashine yake. Nikakaa kwake.

"Haya mwalimu, umeshawaona?"

Nikaanza na helikopta nane. Nikafika kwenye vumbi, nikaeleza habari ya mapanga na haidroliki, nikataka kuingia Malta.

"Mwalimu, mimi nimeuliza nani mkali."

"Ndiyo nakuja huko."

Akanisukuma kichwa mbele kwa vidole viwili. Mkono mwepesi, sikutegemea. Alipita nyuma ya sikio kama anayefuta vumbi kwenye kioo. Upande wa kushoto ukaisha, safi, mstari umenyooka. Akageuza kiti.

Stima ikapotea.

Mashine ikanyamaza mkononi mwake. Feni ikazunguka polepole ikasimama. Kinyozi mkubwa akatoka nje kuuliza kama ni mtaa mzima, akarudi akasema ni mtaa mzima. Tukakaa hapo gizani, mimi nusu kichwa, kijana amesimama nyuma yangu na mashine yake, tukisubiri.